Kazi ya Matopeni: Vijana Maskini na Vinamasi vya Pwani

Mtu akisikia neno kinamasi, mara huwaza mbu, homa, nyoka na harufu mbaya. Ndiyo maana tangu zamani watu wengi walidhani ya kuwa kinamasi ni ardhi iliyoharibika, isiyofaa kwa shamba wala kwa nyumba, na ya kuwa heri kikaushwe. Na mtu akisikia habari ya kijana asiye na kazi, asiyemaliza shule, azungukaye njiani tangu asubuhi hata jioni, mara nyingi huwaza vile vile: huyu ameharibika, hafai kitu.

Leo tunataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za nchi ya Marekani, ambako ardhi iliyodharauliwa na vijana waliodharauliwa walikutanishwa zaidi ya mara moja. Habari hizi zina mema ya kuigwa, zina pia makosa ya kuepukwa. Wazazi, walimu na wanafunzi watapata faida wakizipima pande zote mbili.

KINAMASI CHA PWANI KINA FAIDA GANI?

Kinamasi cha pwani ni mahali ambapo bahari na nchi kavu hukutana pasipo mpaka. Maji yakijaa, bahari huingia. Maji yakipwa, matope huonekana. Katika nchi za joto, kama Kongo, Kenya na Tanzania, miti iitwayo mikoko huota hapo. Katika nchi zenye baridi kali mikoko haiwezi kuishi, na badala yake huota majani marefu yanayostahimili chumvi.

Mizizi ya majani hayo hushika udongo usichukuliwe na maji. Samaki wadogo, kaa na kamba hukulia humo, wakijificha wasiliwe na samaki wakubwa. Ndege wahamao hupumzika humo katikati ya safari zao ndefu. Tena tufani ikivuma kutoka baharini, mawimbi hupunguzwa nguvu katika majani hayo kabla ya kuzifikia nyumba za watu.

Basi kinamasi kikifa, mvuvi hupoteza samaki, na mkazi wa pwani hupoteza ngao yake. Tajiri akibomolewa nyumba na tufani, anayo fedha ya kujenga nyingine. Maskini hana. Kwa hiyo uharibifu wa vinamasi humwumiza kwanza yule ambaye tangu zamani alikuwa na kidogo.

VIJANA WA MWAKA 1933

Mwaka 1933 Marekani ilikuwa katika dhiki kuu. Karibu mfanya kazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Vijana wengi waliacha nyumba zao ili wasiwe mzigo kwa wazazi, wakatangatanga katika nchi nzima, wakipanda magari ya moshi kwa kuiba.

Rais mpya, Franklin Roosevelt, alikuwa na wiki chache tu katika kazi yake alipoitia sahihi, tarehe 31 Machi 1933, sheria ya kuwaandika vijana hao katika kazi ya kutunza misitu, udongo na maji ya taifa. Kambi ya kwanza ilifunguliwa tarehe 17 Aprili mwaka ule ule. Kikosi hicho kilijulikana kwa herufi tatu, CCC. Waliopokelewa kwanza walikuwa vijana wa kiume wa miaka 18 hata 25, wasiooa, wasio na kazi, ambao jamaa zao walikuwa wakiishi kwa msaada wa serikali.

Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi. Katika hizo, dola 25 zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wa kijana, naye alibaki na 5 za matumizi yake. Wazazi wanaosoma maneno haya wataelewa maana yake. Kijana aliyekuwa mzigo nyumbani alikuwa sasa ndiye anayenunua unga wa wadogo zake. Kazi hiyo ilimpa chakula, nguo na kitanda, na zaidi ya hayo ilimrudishia heshima yake mbele ya baba na mama.

Jioni, baada ya kazi, palikuwa na masomo katika kambi. Vijana zaidi ya 40,000 waliofika pasipo kujua kusoma wala kuandika walifundishwa humo. Hata kikosi kilipovunjwa mwaka 1942, kwa sababu ya vita, watu kama milioni 3 walikuwa wamepita katika kambi zake.

Lakini haifai kueleza mema peke yake. Sheria ile ilikuwa na neno lililoingizwa na Oscar De Priest, mtu mweusi pekee katika baraza la taifa wakati ule, lililokataza kumbagua mtu kwa ajili ya rangi yake. Neno hilo halikutimizwa kwa haki. Tangu mwaka 1935 vijana weusi waliwekwa katika kambi zao mbali na weupe, na mara nyingi wakuu wao walikuwa Wazungu. Njaa yao ilikuwa moja, kazi yao ilikuwa moja, walakini hawakuketi meza moja.

BIDII PASIPO MAARIFA

Kati ya kazi walizopewa vijana wa miaka ile ilikuwamo vita ya kupigana na mbu wa pwani. Wakuu walifikiri hivi: mbu huzaa katika maji yaliyotuama, basi tukiyatoa maji hayo, mbu watakwisha. Vijana wakapewa majembe, wakaingia katika vinamasi, wakachimba mifereji mirefu iliyonyoka, mmoja baada ya mwingine, mpaka kinamasi kikafanana na shamba lililopigwa mistari. Kazi hiyo ilikuwa imeanza kabla yao, lakini katika miaka ile iliongezwa sana. Hata kufika mwaka 1938, karibu sehemu tisa katika kila kumi za vinamasi vya pwani ya Atlantiki, kutoka jimbo la Maine hata Virginia, zilikuwa zimechimbwa mifereji.

Walifanya kazi kwa bidii. Hakuna awezaye kukana hilo. Walakini wengi wa wakuu hawakuuliza ni nani mwingine aishiye katika maji yale. Katika vidimbwi vya kinamasi waliishi visamaki vidogo, na chakula cha visamaki hivyo ni viluwiluwi vya mbu. Vidimbwi vilipokauka, visamaki vilikufa au vikaondoka. Bata na ndege wengine waliotafuta chakula hapo wakapungua. Baada ya miaka mingi wataalamu walirudi katika vinamasi vile vile na kuiziba mifereji, au kuchimba vidimbwi upya, ili samaki warudi na kuwala viluwiluwi.

Hapa pana fundisho kubwa. Kosa halikuwa la vijana. Wao walichimba walipoonyeshwa. Kosa lilikuwa la kuwatazama kama mikono tu, na la kuipa mikono hiyo kazi kabla ya kuielewa kazi yenyewe. Nguvu za vijana elfu zikiongozwa vibaya huharibu kuliko uvivu wa vijana elfu.

BOMBAY HOOK

Katika jimbo dogo la Delaware, kando ya ghuba, pana kinamasi kikubwa kiitwacho Bombay Hook. Mwaka 1937 serikali ilikitenga kiwe kimbilio la ndege wahamao. Mwaka 1938 ikaletwa hapo kambi ya CCC ya vijana weusi, nao wakafanya kazi mpaka mwaka 1942. Walijenga matuta marefu ya udongo ya kuzuia maji, ili yapatikane mabwawa ya maji matamu kandokando ya kinamasi cha chumvi. Walipanda miti na kujenga nyumba za watunzaji.

Matuta yale yapo hata leo, na mabwawa yale yangali yakiwapokea bata bukini kwa maelfu kila mwaka wakati wa kuhama kwao. Wageni hupita juu yake, wakitazama ndege. Ni wachache wajuao ya kuwa udongo wanaoukanyaga ulipangwa na vijana waliotengwa kwa ajili ya rangi yao. Tunasema haya ili ijulikane ya kuwa kazi nzuri ya kijana maskini huishi kuliko dharau ya waliomdharau.

PWANI YA GHUBA YA MEXICO

Tushuke sasa kusini, hata mdomo wa mto Mississippi, katika jimbo la Louisiana. Nchi ile yote iliumbwa na mto. Kwa maelfu ya miaka mto ulifurika, ukamwaga matope yake pembeni, na matope yakawa ardhi. Baadaye watu walijenga kuta za udongo kandokando ya mto ili mafuriko yasiharibu miji na mashamba. Mafuriko yakazuiwa, lakini matope nayo yakazuiwa. Yakachukuliwa mpaka baharini, ambako hayakufaa kitu. Tena wachimbaji wa mafuta ya petroli walikata mifereji mingi katika vinamasi, na chumvi ikaingia kupitia humo. Udongo wenyewe unadidimia, na bahari inapanda kwa sababu ya joto la dunia. Kwa hiyo, tangu mwaka 1932 hata 2016, jimbo hilo limepoteza karibu kilometa za mraba 4,800 za ardhi yake ya pwani.

Mji mkubwa wa huko ni New Orleans. Ukingoni mwake mna mtaa uitwao Lower Ninth Ward, ambao wakazi wake walikuwa karibu wote watu weusi, na wengi wao maskini. Nyuma ya mtaa huo palikuwa na msitu wa majini, wenye miti ya misipresi iotayo ndani ya maji matamu. Mahali hapo huitwa Bayou Bienvenue, jina ambalo wasomaji wajuao Kifaransa watalielewa. Katika miaka ya 1960 serikali ilimaliza kuchimba karibu na hapo mfereji wa meli wenye urefu wa kilometa zaidi ya 120. Maji ya chumvi yakaingia, na misipresi ikafa. Kikabaki ziwa wazi lenye visiki.

Tarehe 29 Agosti 2005 tufani iitwayo Katrina ilipiga. Kuta za kuzuia maji zilibomoka, na mtaa ule ukafunikwa. Katika nchi nzima watu zaidi ya 1,000 walikufa. Mwaka 2009 mfereji ule wa meli ulizibwa kwa mawe. Wakazi waliorudi walianza kuuliza maswali juu ya msitu uliokufa nyuma ya nyumba zao, na watoto waliokuwa hawajapata kuona kinamasi kwa macho wakaanza kuelezwa ya kuwa hapo palikuwa na ngao yao.

Miaka 5 baadaye likaja pigo jingine. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta baharini, Deepwater Horizon, ulilipuka. Watu 11 walikufa, na mafuta yakamwagika kwa siku 87. Mwaka 2012 sheria iliamuru ya kuwa sehemu kubwa ya faini za ajali ile itumike kuponya pwani ya majimbo matano yaliyoumia: Texas, Louisiana, Mississippi, Alabama na Florida. Kisha mwaka 2017, kwa fedha hizo, kikaanzishwa kikosi cha vijana kiitwacho GulfCorps. Shabaha yake ilikuwa ya namna mbili: kuponya pwani, na kuwapa kazi na ufundi vijana wa pwani hiyo hiyo, hasa wale wasio na njia nyingine. Huko Louisiana, shirika moja lililoshiriki katika kazi hiyo lilikuwa Limitless Vistas la New Orleans, lililoanzishwa baada ya tufani ya Katrina ili kuwafundisha vijana wa mitaa maskini ufundi wa kutunza maji na udongo.

KAZI YENYEWE

Labda msomaji atauliza: hao vijana hufanya nini matopeni? Kazi yao hufuata bahari. Maji yakipwa, ndipo wanapoingia. Hubeba miche ya majani ya chumvi iliyokuzwa katika vitalu, huchimba shimo dogo, hutia mche, na kuushindilia udongo kwa mguu ili wimbi lisiung'oe. Mche ukipandwa chini mno, utafunikwa na maji muda mrefu na kuoza. Ukipandwa juu mno, utakauka, au majani mengine yatausonga. Tofauti ni ya upana wa mkono tu. Kwa hiyo lazima kijana ajue kupima maji kabla ya kushika jembe.

Mahali pengine hutia makaka ya chaza katika mifuko ya nyavu, na kuyapanga mbele ya pwani mahali mawimbi yanapoipiga. Watoto wa chaza, ambao ni wadogo hata hawaonekani kwa macho, hujishikiza juu ya makaka hayo na kukua. Baada ya miaka kadhaa, lile rundo la takataka za jikoni huwa ukuta ulio hai, unaoongezeka wenyewe. Kazi nyingine ni kung'oa miti ya kigeni isongayo ile ya asili, kuchoma nyasi kwa moto unaoongozwa, kupima chumvi ya maji, na kuendesha mashua.

Huko Florida, katika ghuba ya Apalachicola, watu waliishi kwa uvuvi wa chaza tangu babu zao. Mwaka 2012 chaza walipungua ghafula, na mwezi wa Desemba 2020 serikali ya jimbo ikaufunga uvuvi wao kwa muda usiozidi miaka 5. Kijana wa huko angeweza kusema: kazi ya baba yangu imekufa, basi nihame. Wengine walihama. Lakini wengine waliingia katika vikosi vya kuponya pwani, wakaotesha majani ya kinamasi na kuyapanda kando ya ghuba ile ile ambayo baba zao walivua. Hiyo si kazi ile ile ya zamani, wala mshahara wake si ule ule. Hata hivyo, mtu hubaki kwao, akiyatunza maji yaliyomlisha.

MAMBO MATATU YA KUPIMA

Kutokana na habari hizi zote, twaweza kupata kanuni ya kupima kila kazi ya namna hii, iwe huko ng'ambo, iwe kwetu.

Kwanza, mshahara. Kuna wasemao ya kuwa kijana asiye na kazi ashukuru tu kwa kupewa jembe, na ya kuwa kazi ya kuponya nchi ifanywe bure kwa moyo wa kujitolea. Mwenye chakula nyumbani aweza kujitolea. Asiye nacho akifanya kazi bure, wadogo zake hulala njaa. Wale wa mwaka 1933 walielewa hilo walipopeleka dola 25 kwa mama wa kijana. Kanisa nalo limefundisha daima ya kuwa kumnyima kibarua ujira wake ni dhambi inayolilia mbinguni.

Pili, maarifa. Kijana asiambiwe tu "chimba hapa". Aelezwe sababu ya kuchimba, na apewe ruhusa ya kuuliza. Mifereji ya mbu ni shahidi wa jambo hili. Tena ujuzi alioupata uandikwe katika cheti kinachotambulika, ili aondokapo asiwe na misuli tu.

Tatu, kudumu. Hapa ndipo kazi hizi huanguka mara nyingi. Mwezi wa Aprili 2025 serikali ya Marekani ilikata ghafula misaada ya karibu dola milioni 400 ya shirika la taifa la vijana watumishi, liitwalo AmeriCorps. Vijana waliokuwa kazini wakaambiwa warudi nyumbani, kazi zikabaki nusu. Mwezi wa Juni mwaka ule hakimu mmoja aliamuru misaada irudishwe katika majimbo yaliyoshitaki, lakini kikosi kilichotawanyika hakikusanyiki kwa siku moja. Mche uliopandwa wiki hii huhitaji kutazamwa mwaka ujao, na kijana naye ni vivyo hivyo. Kumwita kijana maskini, kumpa tumaini kwa miezi sita, kisha kumrudisha njiani alikotoka, ni kumfundisha kutoamini neno la mtu mkubwa tena.

NA SISI JE?

Wasomaji wengine watafikiri ya kuwa habari za pwani ni za watu wa mbali. Lakini Kongo yetu nayo inagusa bahari. Ni kilometa kama 40 tu, huko Moanda na Banana, ambako mto wetu mkubwa unaingia katika Atlantiki. Hapo pana msitu wa mikoko, uliotengwa mwaka 1992 uwe hifadhi ya taifa, na mwaka 1996 ukaandikwa katika orodha ya vinamasi vyenye maana kwa dunia nzima. Humo huishi nguva, mnyama mpole wa majini ambaye amekuwa haba. Na humo watu hukata mikoko kwa kuni na makaa, si kwa ubaya wa moyo, bali kwa sababu jioni lazima chungu kichemke. Amri ya kukataza pasipo kazi nyingine ya kumlisha mkataji haitaulinda mti hata mmoja. Nasi tuliao mashariki, mbali na bahari, tunayo mafunjo ya maziwa yetu, wanamozaa samaki, nayo hukatwa na kuchomwa hivyo hivyo.

Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si', aliwafundisha Wakristo ya kuwa kilio cha dunia na kilio cha maskini lazima visikilizwe pamoja. Tumeona hapa maana ya fundisho hilo kwa mfano wa matope. Anayeponya kinamasi na kumwacha kijana katika njaa atarudi kesho na kukuta mti umekatwa.

Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Parokia zetu zina vijana wengi waliokosa ada ya shule, na kando ya parokia nyingi pana mto, ziwa au bonde lililoharibiwa. Mwalimu aweza kuanza kwa kuwafundisha wanafunzi majina ya miti na samaki wa mahali pao. Baraza la parokia laweza kuanza na kitalu kidogo, lakini kwanza liulize: tutawalipa nini hawa vijana, tutawafundisha nini, na mwaka ujao watakuwa wapi? Likiwa na jibu la maswali hayo matatu, basi na lifungue daftari, liandike majina, kazi ianze. Likiwa halina jibu, na lingoje kidogo, litafute jibu kwanza, kwa maana kijana aliyekwisha kudanganywa mara moja ni vigumu kumwita mara ya pili.